Koti la Mitumba Lilivyonipa Ajira

Kabla hujanicheka, jaribu wewe kuhama Mbagala kwenda Iringa mwezi wa tano, una miaka 47, na sweta moja tena la kuazima.

Sikuhama kwa kupenda. Mama watoto ni mwalimu, akapata uhamisho. Watu wamezoea mke ndiye anayeomba kumfuata mwenza. Safari hii aliyefuata ni mimi, na madaftari yangu ya mwaka wa pili kwenye kiroba. Nilikuwa nasoma biashara, masomo ya jioni. Chuo cha huku kikanipokea, kikakubali masomo yote niliyokwisha kufaulu isipokuwa Sheria ya Biashara. Hilo nilirudie. Basi nikawa nakaa na watoto wa rika la binti yangu mkubwa, wananiamkia mmoja mmoja, mwalimu anaanza kufundisha bado naitikia marahaba.

Sasa baridi. Ukimaliza kona za Kitonga, ukafika Ipogolo, unajiona umeshafika. Kumbe mji wenyewe uko juu mlimani, na baridi imekaa huko huko inakungoja. Wiki ya kwanza nilioga mara tatu, na mbili kati ya hizo nilisukumwa. Mama watoto akanipa elfu ishirini, akasema nenda kwenye mitumba, usirudi bila koti.

Nikalipata. Jamani lile koti! Rangi ya bluu nzito, refu linavuka magoti, vifungo vya chuma, na mabegani vile vikanda kama vya askari. Mgongoni limeandikwa kwa herufi kubwa nyeupe: OCHRONA. Nikamuuliza muuzaji maana yake, akasema ni kampuni ya makoti hiyo, ya Ulaya, orijino. Elfu kumi na tano. Nikavaa pale pale, na mzula wangu mweusi, nikapanda kwenda chuo. Jioni hiyo tulikuwa na testi ya Sheria ya Biashara.

Nafika getini saa kumi na mbili kasoro dakika kumi, jua linaelekea kuzama. Mlinzi simjui, kampuni mpya ya ulinzi ilianza kazi wiki ile ile, hata wao wenyewe walikuwa hawajajuana. Ananiona, uso unamchangamka.

"Kamwene!"

Hapo ndipo nilipoharibu. Kamwene ndiyo Kihehe changu chote, nilikuwa nimekifanyia mazoezi siku tatu. Nikamjibu kwa sauti ya mtu aliyezaliwa Kalenga: "Kamwene!"

Akafurahi, akamwaga Kihehe. Maneno mengi, mikono inaonyesha geti, inaonyesha taa, inaonyesha ghala la nyuma. Mimi nikaitikia ee, ee, kila anapovuta pumzi. Mtu mzima mgeni usimkatize mwenyeji, ndivyo nilivyolelewa. Mwisho akanishikisha tochi, rungu na fungu la funguo, akatoka nje ya geti mbio. Nikajua amebanwa, anaomba nimshikie vitu mara moja. Mwanadamu gani atakataa?

Kisha nikamwona anapanda bodaboda. Akanipungia mkono, taa nyekundu ya pikipiki ikateremka mlima.

Nikasimama na rungu langu. Kuondoka siwezi, geti liko wazi na funguo za chuo kizima ninazo mimi. Nikaangalia kule madarasani, taa zimewashwa, wenzangu wanaingia. Gari likapiga honi. Nikafungua geti upande wa pili bila hata kufikiri, mkono ulikwenda wenyewe. Kioo kikashushwa: mwalimu wangu wa Sheria, bahasha ya mitihani iko kiti cha pembeni.

"Mlinzi, testi inaanza na robo. Ikifika na nusu, asiingie mwanafunzi yeyote. Umenielewa?"

Nikasema, "Nimeelewa, mkuu." Tena, naona aibu kuandika hili, visigino niligonganisha.

Na nusu ikafika. Binti mmoja akaja anahema, anakaa kiti cha mbele yangu kila siku, lakini kwa lile koti na mzula hakunitambua. "Baba yangu, nisaidie, daladala imeharibika." Kabla sijafungua mdomo ameshanitia noti ya elfu mbili mfukoni, amepita. Rushwa yangu ya kwanza maishani, nikiwa na dakika arobaini kazini.

Saa moja kasoro robo akatokea mlinzi halisi wa zamu, kofia mkononi, jasho linamtoka kwenye baridi ile. Kuniona tu akaishiwa nguvu. "Kwa hiyo bosi ameshaweka mwingine?" Nikamwambia hapana, shika lindo lako. Akang'ang'ania kwanza nisaini kitabu cha makabidhiano. Nikaandika: hali shwari.

Nikakimbia. Nikafungua mlango wa darasa, vichwa sitini vikainuka.

"Kuna nini getini?" mwalimu akauliza.

"Hakuna kitu, mkuu. Nimekuja kufanya testi."

Darasa likalipuka. Mwalimu akavua miwani, akanitazama toka mzula mpaka kiatu. "Si nilikuagiza usiruhusu mwanafunzi kupita baada ya na nusu?"

"Uliniagiza."

"Umeruhusu mtu?"

Yule binti akainamia karatasi yake kama anataka kuingia ndani yake.

"Hata mmoja, mkuu."

Akanipa karatasi. Zimebaki dakika ishirini. Swali la kwanza lilitaka tueleze ni lini makubaliano yanakuwa mkataba. Kifungu cha 10 cha Sheria ya Mikataba nilikuwa nimekikariri: wahusika wenye uwezo, ridhaa huru, malipo halali, lengo halali. Nikaandika kwa uchungu wa mtu yaliyomkuta, hasa kwenye ridhaa. Kwenye malipo halali kalamu ilisita kidogo, noti ya watu iko mfukoni.

Tulipotoka, binti alinifuata. "Shikamoo mzee. Naomba elfu mbili yangu." Nikampa. Nyuma yake kijana mmoja alikuwa ameinua simu, anapiga picha mgongo wangu ili atafsiri yale maandishi. Akasoma, akakaa chini kwenye ngazi, akashindwa kusema. Akanionyesha kioo tu: lugha, Kipolandi; maana, ulinzi.

Nyumbani mama watoto alicheka mpaka chai ikamwagika. Alipopata pumzi akauliza kama kuna posho ya usiku.