Mamlaka ya chakula na chuo kikuu wakifanya utafiti pamoja, nani anamshika mkono nani?

Kila ikitangazwa kwamba mamlaka ya chakula imesaini mkataba wa utafiti na chuo kikuu, malalamiko mawili lazima yatokee. La kwanza, kwamba chuo kimeshanunuliwa, profesa anayelipwa na serikali hawezi kusimama akasema serikali imekosea. La pili linatoka upande mwingine kabisa, kwamba wasomi watachelewesha kazi, mkaguzi anataka jibu wiki hii na wao wanataka miaka minne na makala kwenye jarida. Yote mawili nayachukulia kwa uzito na nitayarudia huko chini maana yana mifano ya kweli, ila naona kuna swali linarukwa kila mara: bila huo ushirikiano, nani angegundua sumu ambayo hakuna mtu alikuwa anaitafuta?

Maabara ya mdhibiti, ilivyo, inapima vilivyo kwenye orodha. Mkaguzi analeta sampuli, inaangaliwa salmonela, risasi, sumukuvu, mabaki ya dawa za wadudu, matokeo yanalinganishwa na kiwango cha sheria, inaandikwa imepita au imefeli. Kazi hiyo ni ya lazima na inaokoa watu kila siku. Lakini kitu ambacho hakijaingia kwenye orodha kinapita mlangoni na cheti mkononi, na maabara haina kosa lolote, haikuulizwa.

Sasa angalia kilichotokea Uswidi, kwangu mimi huu ndo mfano unaofaa kusomwa na kila anayesema ushirikiano hauna faida. Mwaka 1997 walikuwa wanachimba handaki la reli Hallandsås, kusini mwa nchi, maji yakawa yanavuja ndani wakatumia kemikali ya kuzibia nyufa. Ile kemikali ilikuwa na akrilamaidi, ikaingia kwenye maji ya eneo lile, samaki wakafa, ng'ombe wakapooza, na baadhi ya wafanyakazi wakaanza kupata matatizo ya neva. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stockholm walikuwa na njia ya kuipima kwenye damu, kwa sababu akrilamaidi inajishikiza kwenye himoglobini, ile sehemu ya damu inayoipa wekundu, na kubaki humo kwa miezi. Wakachukua damu ya wafanyakazi wa handaki, na kama ilivyo kawaida ya utafiti wakachukua pia damu ya watu ambao hawakuwahi kusogea pale, ili walinganishe.

Wafanyakazi walikutwa nayo, hilo lilitegemewa. Kumbe na wale wengine wanayo! Kidogo, lakini ipo, kwa watu ambao hawajagusa handaki wala kiwanda.

Hapa naomba tusimame kidogo, maana kwa mtazamo wa ukaguzi kazi ilikuwa imekwisha. Swali lilikuwa kama wafanyakazi wameathirika, jibu limepatikana, ripoti iandikwe. Ile akrilamaidi ndogo ya watu wa kulinganishia ingeweza kuitwa kelele za mashine na faili likafungwa. Watafiti wa chuo hawakuliacha, walikuwa na muda, wanafunzi, na ile hali ya kutolala mtu akishaona namba isiyoeleweka. Wakajiuliza hawa watu wote wanaitoa wapi, wakafikiria moto, wakawalisha panya chakula kilichokaangwa na damu ya panya ikapanda. Halafu wakaenda kwa mamlaka ya chakula ya Uswidi, Livsmedelsverket, wakapima pamoja vyakula vya kawaida vya madukani, na tarehe 24 Aprili 2002 chuo na mamlaka wakatangaza kwa pamoja kwamba akrilamaidi ipo kwenye viazi vya kukaanga, mikate na vyakula vingine vya wanga vinavyopikwa kwa joto kali. Vya kuchemsha haikuonekana.

Kumbuka hii kemikali ilikuwa imeshawekwa tangu 1994 na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu. Ilihesabika kuwa hatari ya kiwandani. Yani iko kwenye chakula tangu binadamu ajue kuchoma na kukaanga, imeshaitwa hatari kwa miaka nane, na hakuna mamlaka hata moja duniani iliyokuwa inaipima kwenye sahani kwa sababu hakuna aliyeota kwamba ipo. Baada ya tangazo lile mambo yalikwenda mbio sana, nchi nyingine zikapima zikakuta hivohivo, Juni 2002 WHO na FAO, mashirika ya afya na ya chakula ya Umoja wa Mataifa, wakaita wataalamu Geneva, na mwaka huohuo ikajulikana inatokana na asidi amino inayoitwa asparajini ikikutana na sukari kwenye joto la kupita nyuzi 120. Mtandao wa kubadilishana taarifa za jambo hilo ukawekwa kwenye taasisi ya pamoja ya FDA, yaani mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, na Chuo Kikuu cha Maryland, JIFSAN, ambayo ilikuwepo tangu 1996. Hawakuanza kutafutana simu wakati moto unawaka. Umoja wa Ulaya baadaye ukatunga kanuni, ikaanza kutumika Aprili 2018, inayowabana wazalishaji wapunguze, kuanzia aina ya viazi wanavyochagua mpaka joto la mafuta.

Wapo wanaosema lile tangazo liliwatisha watu bure, na ni kweli tafiti za binadamu wanaokula akrilamaidi kwenye chakula hazijatoa jibu moja kuhusu saratani mpaka leo. Ni kweli pia kwamba walitangaza kabla makala yao haijatoka kwenye jarida. Nawaelewa. Ila jiulize chuo peke yake kingefanya nini: kingechapisha, wasomi wachache wangesoma, basi. Mamlaka peke yake isingejua kama kuna swali la kuuliza. Kimoja kilikuwa na swali na kipimo, kingine kilikuwa na vyakula, sheria, na wajibu wa kuwaambia wananchi.

Na hili la vitu visivyoonekana halihusu kemikali tu. Ile takwimu ya WHO ya mwaka 2015 tunayoijua wote, watu milioni 600 wanaugua kwa chakula kila mwaka na 420,000 wanakufa, wengi tunainukuu bila kuuliza imetoka wapi. Haikutoka kwenye rejista za wadhibiti. Rejista zina wale waliofika hospitali, wakapimwa, wakaandikwa, na hao ni sehemu ndogo tu. Kazi ya kuwakadiria wasioandikwa ilifanywa kwa miaka na kikundi cha wataalamu, wengi wao wa vyuo na taasisi za utafiti, na ndo tukajua kwamba watoto wa chini ya miaka mitano, ambao ni asilimia 9 tu ya watu wote duniani, wanabeba asilimia 40 ya mzigo wa magonjwa hayo, na 125,000 wanakufa kila mwaka. Mimi hiyo 125,000 inaninyima raha, kwa sababu mtoto wa hivo hana mtu wa kumwandikia malalamiko, na kama hakuna aliyekaa na hesabu hizo hayupo kabisa, si kwenye bajeti wala kwenye mkutano.

Tuje kwa wapinzani sasa, na nianze na lile la kuchelewesha maana linaumiza kuliko linavyosemwa.

Mwaka 2013 FDA ilipokuwa inaandaa kanuni za usalama wa mazao ya shambani ilipendekeza mkulima akishaweka samadi mbichi asubiri miezi tisa ndo avune. Wakulima wakapiga kelele, kwamba miezi tisa mnaua kilimo chetu, na ushahidi wa hiyo tisa uko wapi? Ushahidi ulikuwa haba kweli. Mwaka 2014 FDA ikaiondoa, ikasema inahitaji tathmini na utafiti zaidi na kwamba huenda ikachukua miaka mitano mpaka kumi, na kanuni ilipotoka 2015 sehemu hiyo ikaachwa wazi. Vyuo vikaingia mashambani kupima bakteria wanaishi muda gani kwenye udongo wa aina mbalimbali, kazi nzuri na ya lazima. Lakini ukikaa upande wa mlaji unaona hatari yake, neno tunasubiri utafiti linaweza likawa kichaka. Hakuna anayedanganya, kila mtu anafanya kazi yake, na miaka inakwenda. Kilichookoa kidogo ni kwamba FDA ilisema haina pingamizi wakulima wakifuata siku 90 (kwa zao lisilogusa udongo) na 120 (kwa linalogusa) za viwango vya kilimo hai wakati wakisubiri. Kuna mtu anaweza kusema siku 90 nazo hazina ushahidi wa kutosha, sawa, lakini angalau ni namba, sio pengo.

Hoja ya kununuliwa ndo nzito zaidi, na hapa sitatumia dhana, nitatumia BPA. Hii ni kemikali ya kwenye plastiki na utando wa ndani ya makopo, inafanana tabia na homoni ya kike. Kwa miaka mingi wadhibiti walitegemea majaribio makubwa ya panya yanayofuata mwongozo rasmi, wasomi wakaleta tafiti ndogondogo zinazoonyesha madhara kwenye dozi ndogo, kila upande ukidharau wa mwenzake. Mwaka 2012 wakakubaliana mradi mmoja, CLARITY-BPA. Panya wote wakalelewa kwenye maabara ya FDA huko Arkansas, dozi zilezile, halafu viungo vyao vikapelekwa kwa timu 14 za vyuo zikiwa na namba za siri ili mtafiti asijue panya gani kala nini. Kwenye karatasi sijaona mpango mzuri kuliko huo.

Februari 2018 rasimu ya matokeo ya sehemu ya FDA ikatoka, na papo hapo FDA ikatoa tamko kwamba matumizi yanayoruhusiwa ya BPA ni salama, wakati baadhi ya timu za vyuo zilikuwa hazijamaliza. Wasomi wakakasirika na walikuwa na haki. Magazeti yakaandika salama, mlaji akasikia salama, ripoti ya kuunganisha pande zote mbili ikaja kutoka 2021, miaka mitatu baadaye, nani alikuwa bado anasikiliza?

Halafu Aprili 2023 mamlaka ya chakula ya Ulaya, EFSA, ikashusha kiwango cha BPA mtu anachoweza kumeza kwa siku kutoka mikrogramu 4 kwa kila kilo ya uzito wake mpaka nanogramu 0.2 (mikrogramu moja ni nanogramu 1,000). Mara 20,000. Nimeisoma hiyo namba mara nyingi nikidhani nimekosea sifuri. Taasisi ya Ujerumani ya kutathmini hatari za vyakula, BfR, haikukubaliana na hesabu hiyo, ikaja na nanogramu 200, lakini hebu angalia, hata huyo aliyepinga ameshusha mara 20 kutoka pale pa zamani. Na kipimo kilichoibeba hukumu ya EFSA kilikuwa cha seli fulani za kinga kwenye panya, kitu ambacho mwongozo wa kawaida wa majaribio hauulizi kabisa, kilitoka kwenye utafiti wa wasomi. Desemba 2024 Ulaya ikapiga marufuku BPA kwenye vifaa vinavyogusa chakula.

Sasa wapo wanaosoma kisa cha BPA wakasema mnaona, ushirikiano haufai. Mimi nakisoma tofauti. Kukaa pamoja hakukuharibu kitu, panya walikuwa sawa, namba za siri zilikuwa sawa, sayansi ilifanyika. Kilichoharibika ni kwamba mmoja alikuwa na kipaza sauti na hakukuwa na kipengele cha kumzuia kukitumia kabla mwenzake hajamaliza. Hilo ni jambo la mkataba na linarekebishika kwa kalamu. Mtafiti awe na haki ya kuchapisha bila kuomba ruhusa kwa anayemlipa. Tamko la usalama lisitoke mpaka matokeo ya wote yawe mezani, au likitoka liseme wazi kwamba ni nusu ya kazi. Data ghafi ikae pande zote mbili. Na utafiti ukiwa wa miaka, kiwango cha muda kiwekwe siku ileile unapoanza, ili yale ya samadi yasijirudie.

Pale ambapo viwanda navyo ni mwanachama, kama kile kituo cha utafiti wa usalama wa chakula cha Illinois, Marekani, ambacho FDA, chuo na kampuni za chakula walianza kukaa pamoja mwaka 1988, hapo naona wasiwasi una miguu zaidi na masharti yawe makali zaidi, maana anayekaguliwa ameshaingia chumba cha mkaguzi. Sisemi kifungwe, teknolojia za kusindika chakula huwezi kuzisoma bila mitambo ya wenye viwanda. Nasema ijulikane kila swali la utafiti limeletwa na nani.

Lakini kipengele ambacho mimi ningekipigania kuliko vyote sijakisikia kikitajwa kwenye hotuba za kusaini. Ile damu ya watu wa Uswidi ambao hawakukanyaga handaki ilichukuliwa kwa ajili ya kulinganisha tu. Mikataba mingi inataka mtafiti aahidi mapema atatoa nini na lini, na mtafiti wa namna hiyo akikuta namba ya ajabu kwenye kundi la kulinganishia hana fedha wala miezi ya kuifuata. Itengwe sehemu ya bajeti, hata ndogo, kwa ajili ya namba hizo, na mkaguzi wa hesabu aambiwe mapema kwamba mbele ya fungu hilo kwenye safu ya matokeo yanayotarajiwa hapatakuwa na maandishi.