Shaba kwanza, jipsamu baadaye

Ingia nyumba mpya yoyote siku hizi upande wa Kigamboni au Mbezi Beach. Utakuta dari la jipsamu lenye taa za rangi tatu, vigae unavyoweza kujitazama sura, halafu kitasa cha mlango wa mbele kinabanduka ngozi kama mtu aliyeunguzwa na jua. Nyumba yenyewe haijamaliza hata mwaka wa pili. Mimi nasema anayejenga pwani apunguze pesa za dari, azipeleke kwenye koki, bawaba, makomeo na vitasa vya shaba. Dari unalitazama tu. Koki unaishika kutwa.

Shaba ninayoisema ni ile ya njano, ambayo mafundi bomba wanaiita brasi: shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki, mara nyingi asilimia 30 hadi 40. Ndani yake hakuna chuma, kwa hiyo haioti ile kutu nyekundu tunayoijua. Upepo wa bahari unaifubaza tu, na ule weusi unaotanda juu ndio unaoikinga chini. Watu wengi wakiona weusi huo wanadhani wametapeliwa, kumbe wametapeliwa wale ambao vitasa vyao vinabaki kung'aa hadi siku rangi inapopasuka.

Maana kilichojaa madukani ni kitu kingine: zinki yenye aluminiamu kidogo, kama asilimia 4, iliyopakwa kromu au rangi ya dhahabu. Inayeyuka kwenye nyuzi joto zisizofika 400, wakati shaba inataka kama 900, ndiyo maana ni rahisi kuimimina kwenye kalibu kwa maelfu. Ikiwa kavu haina ubaya mkubwa. Ikipata mkwaruzo na unyevu wa chumvi, inafura chini ya rangi, inatoa unga mweupe, na siku moja mpini wa koki unabaki mkononi mwako maji yakiendelea kumwagika. Boksi limeandikwa rangi ya shaba, muuzaji anakuambia shaba.

Wengine wanaenda dukani na sumaku. Itakusaidia kugundua chuma kilichopakwa rangi, basi, kwa sababu sumaku hainasi shaba wala hiyo zinki. Nenda na tupa ndogo. Kwangua kidogo kwenye meno ya kukazia, pale pasipoonekana. Ukiona njano inayoingia ndani kabisa, lipa. Ukiona kijivu, rudisha. Muuzaji atanuna, lakini anayekataa bidhaa yake isikwanguliwe ameshakujibu.

Ukitaka kuona maisha ya shaba, tembea Mji Mkongwe, Zanzibar, uitazame milango ile yenye vichwa vikubwa vya misumari. Mtindo huo wa misumari ulikuja na mafundi na wafanyabiashara kutoka Bara Hindi, ambako inasimuliwa kwamba iliwekwa ili tembo wa vita wasiisukume milango. Zanzibar hapakuwa na tembo wa vita. Hapa ilikuwa fahari ya mwenye nyumba, nayo fahari hiyo imestahimili chumvi vizazi na vizazi. Linganisha na milango mipya inayochongwa kwa kuiga ile. Vichwa vyake vingi ni bati jembamba lililogongwa umbo na kupakwa dhahabu, na mvua za masika zikipita unaona mistari ya kutu ikiteremka kwenye mbao, mmoja chini ya kila kichwa. Afadhali mlango usio na urembo wowote.

Bronzi nayo, yaani shaba nyekundu iliyochanganywa na metali ya bati (stani, si bati la kuezekea), ni ya ukoo huo huo. Sanamu ya Askari pale katikati ya Dar es Salaam imesimama tangu 1927, bandari ikiwa jirani yake.

Shaba ina udhaifu wake pia. Maji yenye chumvi, kama ya visima vingi vya pwani, yanaweza kuila zinki yake taratibu na kuacha mwili wenye vitundu, wa rangi ya waridi, unaovunjika kama chaki. Kwa maji ya namna hiyo tafuta aina iliyotengenezwa kuhimili hali hiyo. Huwa na kiasi kidogo sana cha aseniki cha kuishika zinki. Shaba haipatani na amonia pia, kwa hiyo soma chupa ya dawa ya kusafishia choo kabla ya kuimwagia bomba. Halafu kuna risasi, metali yenye sumu inayowekwa ili shaba ikatike vizuri kwenye mashine. Marekani tangu 2014 imeishusha hadi asilimia 0.25 kwenye vifaa vya maji ya kunywa. Kwa koki ya jikoni ningeuliza swali hilo hata kama muuzaji atanishangaa, na asubuhi ningeyaacha maji yatiririke kidogo kabla ya kukinga ya kunywa.

Kuna jambo moja mafundi wetu wanalikosea sana: kufunga bawaba ya shaba kwa skrubu za chuma. Metali hizo mbili zikigusana penye unyevu wa chumvi, chuma ndicho kinachoharibika, tena upesi kuliko kingekuwa peke yake, na bawaba nzima inabaki ikining'inia kwenye mashimo. Nunua skrubu za shaba. Ni laini, zinakatika kichwa kwenye mninga au mvule, kwa hiyo seremala anayejua kazi hutoboa kwanza, akapitisha skrubu ya chuma ya saizi ile ile ili ikate njia, akaitoa, ndipo akaingiza ya shaba iliyopakwa sabuni ya mche. Mlango mmoja unamla muda kweli. Mlipe muda huo.

Isipokuwa koki ya nje, ile ya bustani karibu na geti. Hapo funga ya plastiki. Wanunuzi wa vyuma chakavu wanaijua shaba kuliko muuzaji wako wa dukani, na hawahitaji tupa.