Hiyo grafu ya wahamiaji unayoinyoosha kwa rula

Kila takwimu za wahamiaji zikitoka lazima atokee mtu na grafu yake, kachukua miaka kumi iliyopita, kaweka rula, kavuta mstari hadi 2050, basi nchi itafurika au itabaki mahame, inategemea yeye yuko upande gani. Mimi huwa nacheka tu.

Chukua Uingereza. 2003 wataalamu walipigia serikali hesabu ya watu watakaotoka nchi za Ulaya Mashariki zikishaingia Umoja wa Ulaya Mei 2004, jibu likawa kama 5,000 mpaka 13,000 kwa mwaka, ukishatoa wanaoondoka. Wakaja mamia ya maelfu ndani ya miaka michache! Na wale jamaa hawakuwa wajinga, ila data za zamani zilikuwa za watu waliofungiwa mlango, sasa utajuaje wangapi wataingia mlango ukifunguliwa kwa kuhesabu waliopenya dirishani? Halafu Ujerumani, ambako watu wa Poland walizoea kwenda, ikabana soko lake la ajira mpaka 2011, zikabaki Uingereza, Ireland na Sweden tu zilizofungua mara moja. Yaani namba yako inaamuliwa na bunge la jirani, hiyo utaionaje kwenye grafu yako?

Ujerumani yenyewe 2015 haikuweza kubashiri hata mwaka iliyokuwa ndani yake. Mei wakasema waomba hifadhi watakuwa 450,000, Agosti wakapandisha 800,000, mwaka ukaisha wanasema milioni 1.1, baadaye wakagundua wengine wamehesabiwa mara mbili ikashuka hadi kama 890,000.

Hapo ndo pananiumiza kichwa zaidi, maana hata hiyo jana tunayoitegemea haijatulia. Uingereza ilitangaza ongezeko la wahamiaji (wanaoingia ukitoa wanaoondoka) la 672,000 kwa mwaka ulioishia Juni 2023, mwaka mmoja baadaye wakarekebisha hesabu, kipindi kilekile kikawa 906,000, sasa rula unaiweka wapi hapo?

Mimi ukinipa namba ya miaka ishirini ijayo nitakuuliza kwanza viza umeziachaje, wanafunzi wanaruhusiwa kuja na familia au la? Kwa sababu Januari 2024 Uingereza iliwazuia wengi wao kuja na familia, ikabana na viza za kazi, na mwaka huo, kwa hesabu za kwanza, ongezeko likashuka karibu nusu. Aliyevuta mstari wake 2023 sijui saa hizi anaufuta na nini.