Nusu Jumlisha Theluthi, Toa Heshima ya Baba

Mimi ni muuza duka, na huku uswahilini kwetu kilo nzima inanunuliwa siku ya sikukuu. Siku nyingine zote nauza vipande. Robo ya mchele. Nusu robo ya sukari. Mkono unachota wenyewe, mizani inalala sawa, hata kichwa sikisumbui. Kwa hiyo juzi usiku, nimefunga duka, nimechoka mpaka kivuli changu kimechoka, binti yangu wa darasa la tano alipokuja na daftari kuuliza 1/2 + 1/3, nilicheka.

"Mwanangu, moja na moja mbili. Mbili na tatu tano. Andika 2/5, tule."

Hakuandika. Alinitazama kama ninavyoitazama noti niliyoitilia shaka.

"Baba, 2/5 haifiki nusu. Ulikuwa na nusu, ukaongezewa, ikapungua?"

Mama watoto akajibia huko huko jikoni: "Ndiyo maana duka halikui."

Basi nikafundishwa nyumbani kwangu, kwa taa ninayoilipia umeme mimi. Namba ya juu inaitwa kiasi, ya chini asili, na asili hazijumlishwi, zinatafutiwa KDS. Nikauliza ndiyo nini. "Kigawe Kidogo cha Shirika." Shirika! Nikadhani mashirika yote yalishabinafsishwa, kumbe moja limebaki, limejificha kwenye daftari la hisabati.

Akaona sielewi, akavuta sahani yangu. Chapati ilikuwa moja tu. Akaikata vipande sita, kwa sababu 2 na 3 zinakutana kwenye 6. Nusu ni vipande vitatu, akamsogezea kaka yake. Theluthi ni viwili, akajisogezea mwenyewe. "Jumla 5/6, Baba." Nami nikabaki na 1/6 yangu na mchuzi mwingi.

Nilichoelewa nilikielewa kwa pesa, si kwa chapati. Ukiwa na noti mbili za elfu kumi na noti tatu za elfu tano, huwezi kusema una noti tano za elfu kumi na tano. Noti hiyo utampa nani? Lazima zote uzivunje ziwe za elfu tano kwanza, zinakuwa saba, ndipo uhesabu. Sasa si wangesema hivyo tangu mwanzo?

Kwenye kuzidisha nikainuka kidogo. 1/2 × 1/4, juu kwa juu, chini kwa chini, 1/8. Bwana wee, hiyo si nusu robo? Gramu 125, naipima kila siku! Ila dakika tano nyuma nimekatazwa kugusa za chini, sasa naruhusiwa, na nimezidisha kitu kimepungua. Halafu wanasema wafanyabiashara ndio wajanja.

Kugawanya ndiyo vituko kabisa. Sehemu ya pili unaipindua kichwa chini miguu juu, halafu unazidisha. 50 ÷ 1/4 ni 50 × 4, yaani 200. Umegawa, vimeongezeka. Hapo sikubisha, maana gunia la kilo hamsini nikilifunga robo robo linatakiwa kutoa pakiti 200. Kwangu zinatoka 196. Hizo nne ni chai ya mama watoto, na hakuna KDS itakayozirudisha.

Asubuhi mteja wa kwanza: "Nipe robo ya sukari, na nusu robo nyingine ya jirani, changanya tu."

Miaka yote hiyo nachota bila kufikiri. Leo nikasimama na kijiko hewani. Robo ni 1/4, nusu robo ni 1/8, asili hazifanani. KDS ya 4 na 8 ni 8. Robo inakuwa 2/8, jumlisha 1/8...

"Tatu ya nane!" nikapaza sauti.

Mteja alikuwa ameshavuka barabara, yuko kwa Mangi.