Phoenix yangu, kilomita 150 na bwana wa mezani

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, Chumbageni hapa Tanga bado giza, niliisogeza baiskeli yangu, Phoenix, kwenye meza ya ukaguzi ya safari ya baiskeli ya kwenda Segera na kurudi. Bwana aliyekaa pale akaimulika tochi kuanzia tairi ya mbele hadi kwenye keria, akaangua kicheko. "Mzee, madumu umeyaacha wapi?"

Foleni nzima ikacheka, na mimi nikacheka. Swali lilikuwa na haki yake. Keria ile imebeba maji, magunia ya machungwa, na siku moja kitanda kizima kutoka Ngamiani. Kilichofuata ndicho kilichonikera: niende kundi la burudani, wale wa kufika Raskazone na kurudi kunywa soda, maana safari ya Segera ni ya baiskeli za gia. Nikauliza hiyo kanuni imeandikwa wapi. Haikuandikwa popote. Basi akaniandikisha, shingo upande.

Huu ni mji gani tunaouzungumzia? Tanga, ambako mwalimu anakwenda kazini kwa baiskeli, muuza samaki kwa baiskeli, na bibi mwenye kanga zake amekaa upande kwenye keria, mkoba mapajani, wala hashiki chochote. Halafu siku ya kuisherehekea baiskeli, zetu zinaambiwa zikae pembeni zipishe wageni. Sina ugomvi na wageni. Waja leo waondoka leo, wamejaa tele na karibu sana. Lakini na sisi tupo.

Tuhesabu basi, kwa kuwa watu wanapenda kusema chuma ni kizito. Phoenix yangu ina kilo 20 na ushee. Zile nyepesi za mashindano zina kilo 7 au 8; shirikisho la kimataifa la baiskeli, UCI, haliruhusu chini ya kilo 6.8 mashindanoni. Tofauti inatisha mpaka ukumbuke kwamba juu yake nimekaa mimi, mwenye kilo 74. Gia ni moja tu, meno 44 mbele na 18 nyuma: pedali ikizunguka mara moja nimesogea mita tano na kitu, na mara 60 kwa dakika ni kama kilomita 19 kwa saa. Kwenye tambarare adui ni upepo. Hapo kinachonichelewesha zaidi si chuma, ni kukaa wima kama ninayekwenda ukweni.

Mlimani ni hadithi nyingine, siwezi kudanganya. Kutoka baharini hadi Muheza barabara inapanda taratibu, huoni mlima ila mapaja yanauona. Mbele ya Muheza kuna mahali nilishuka nikakokota.

Hapo hapo pedali ya kushoto ikaanza kugonga, ko, ko, kila mzunguko. Pini ya krenki, ule mkono unaoshika pedali, imelegea. Chini ya mwembe kulikuwa na fundi, kijana mdogo, ana turubai, beseni la maji ya kutafutia pancha na nyundo mbili. Hakuuliza ninashindana na nani. Akaing'oa pini, akakata ukanda mwembamba kwenye kopo la soda, akauzungusha kwenye pini, akairudisha, nyundo moja akaikinga upande wa pili na nyingine akagongea. Akakaza nati. "Shilingi elfu moja, ami. Ukifika Hale kaza tena." Dakika kumi na mbili, hazizidi. Nilipofika Hale nikakaza tena.

Wenzetu mbali huko wameshaelewa kwamba si kila safari ni mashindano, na kwamba chuma cha zamani kina heshima yake. Paris–Brest–Paris, safari ya baiskeli ya Ufaransa, ilianza kama mashindano mwaka 1891, kilomita 1,200. Charles Terront aliyeshinda mwaka ule alitumia saa 71 na dakika 22, kwenye tairi za Michelin zilizovulika kirahisi pancha ikitokea. Siku hizi haina mshindi: unapewa saa zisizozidi 90, kadi yako inagongwa mhuri kila kituo, ukirudi ndani ya muda umemaliza. Na Italia, kijijini Gaiole in Chianti, kuna L'Eroica tangu 1997. Njia yake ndefu ni kilomita 209, vumbi jeupe na changarawe kwa kiasi kikubwa, na baiskeli inayotakiwa ni ya mashindano ya zamani, mara nyingi fremu ya chuma, isiyovuka mwaka 1987. Watu wazima wanazisaka stoo za babu zao. Hapa ukienda na ya babu yako unaulizwa madumu.

Sasa nimtetee bwana wa mezani kidogo. Wakati wa kurudi, kwenye mteremko kabla ya Muheza, kamvua kalinyesha, na breki zangu ni zile za fito, mpira unabana rimu ya chuma. Rimu ikilowa, unabana leo baiskeli inasimama kesho. Nilimaliza mteremko ule soli ya kiatu ikiburuta lami, na lori nyuma yangu likipiga honi. Angenizuia alfajiri kwa ajili ya breki hizo, ningekasirika lakini angekuwa na haki. Ila hakuzigusa. Aliimulika keria, akacheka, akamaliza ukaguzi. Na kijana wa mbele yangu, mwenye baiskeli ya mamilioni, hata hakumulikwa; alipungiwa mkono apite.

Mwakani naomba meza ile ikague breki, taa na kofia ya kinga, kwa kila mtu. Iweke ukomo wa kurudi, saa kumi jioni, kama mwaka huu. Gia ni shauri la mwenye mapaja.

Nilirudi Chumbageni saa tisa na dakika arobaini, zimebaki ishirini. Mahema yameshashushwa, soda zimekwisha. Bwana alikuwa peke yake na rundo la viti vya plastiki, anapiga simu, gari halijafika. Akaitazama Phoenix, safari hii bila tochi.

"Mzee," akasema, "hiyo keria inabeba viti vingapi?"