Bomba la uani Sandomierz, na mlizamu wa kwetu

Saa nne usiku mlango unagongwa. Mama mwenye nyumba, koti juu ya nguo za kulalia, ananionesha bomba la uani nililosahau kulikaza. Lilikuwa halitiririki hata, linadondoka tu. Nikadhani anaogopa bili. "Mji huu umekaa juu ya vumbi," akanambia, akalikaza mwenyewe, akaenda zake.

Nilikereka. Lakini ana haki.

Sandomierz ni mji mdogo wa kusini-mashariki mwa Poland, juu ya kilima ukingoni mwa mto Vistula, umezungukwa na mashamba ya maepo (matufaha), ndiyo yaliyonileta. Udongo wake ni vumbi laini lililopeperushwa na upepo zama za barafu. Ukilichimba kavu linasimama wima kama ukuta, likilowa linamomonyoka. Watatari, yaani Wamongolia, waliuvamia mji 1241, wakarudi majira ya baridi ya 1259 kuingia 1260 wakaua watu wengi. Ukajengwa upya, ukapewa hati ya mji 1286, biashara ikanoga. Matajiri wakachimba maghala chini ya nyumba zao, ghala chini ya ghala, mpaka chini ya uwanja wa soko. Kisha maji yakapenya polepole, na miaka ya 1960 nyumba zikaanza kutitia.

Waliletwa wachimba migodi, na wataalamu wa migodi kutoka Kraków. Mashimo mengine yakajazwa, mengine yakaimarishwa, na leo unakata tiketi unapita chini ya soko karibu nusu kilomita.

Mimi ni mtoto wa Mji Mkongwe, Zanzibar. Nyumba zetu ni mawe, chokaa na boriti, na adui yake ni huyo huyo, maji. Mlizamu wa jirani yetu, ule mfereji wa maji ya mvua paani, unamwagia ukutani tangu niko darasa la nne. Kila masika tunaweka ndoo, tunakaa barazani kulaumiana. Beit el Ajaib, lile jumba la Sultani, ilisimama tangu 1883, mizinga ya Waingereza 1896 haikuiangusha. Tarehe 25 Disemba 2020 upande mzima ukaporomoka, watu wawili wakafa.

Najua mtakavyosema huko nyumbani. "Kaenda kuchuma maepo, sasa anatufundisha kujenga." Ndiyo, nachuma maepo, na mgongo unaniuma. "Wazungu wana pesa za Umoja wa Ulaya." Bwana, Poland imeingia Umoja 2004! Miaka ya sitini walikuwa chini ya Wakomunisti, hawakuwa matajiri hao.

Wala sijawa mtumwa wao. Sinagogi la hapa, nyumba ya ibada ya Wayahudi, ni la karne ya 18, leo linawekwa nyaraka za serikali. Waliosali humo walipelekwa kuuawa na Wajerumani 1942, na mama yangu huyu wa bomba, anayeijua 1260 kama jana, hilo hulipita haraka haraka. Na mkinitajia uzee wa mawe, Msikiti Mkuu wa Kilwa ulikuwa umeshasimama kitambo walipomaliza kanisa lao kuu. Mawe tunayo. Tunachokosa ni mtu wa kugonga mlango saa nne usiku.

Basi nikampigia ami, nikamwambia nenda kwa jirani mkautengeneze ule mlizamu. Akacheka sana, akauliza, "Bati utanunua wewe?" Nikatuma pesa siku hiyo hiyo. Wiki ya tatu leo. Bati limenunuliwa, liko ukumbini kwa ami; fundi kaenda Pemba mazikoni.