Sikuwa nacheza disko, nilikuwa nazima taa ya mtoto

Wadau naomba nianze na ile video. Najua mmeshaiona, maana tangu jana asubuhi kila anayenipigia anaanza kucheka kabla hata ya salamu. Yule mwenye bukta, aliyejizungushia taa mwilini, anaruka chini juu saa nane usiku, ndio, ni mimi. Ila jamaa aliyerekodi kawaambia eti nilikuwa najirusha huku mwanangu kalala pembeni. Mwongo mkubwa. Kwanza mtoto hakuwa amelala, alikuwa analia. Pili sikuwa nacheza, nilikuwa nazima taa.

Binti yangu ana miaka minne na giza halitaki hata kulisikia. Mwezi uliopita nikamfungia balbu, na mimi enzi hizo kwenye balbu nilikuwa naangalia wati tu, nikabeba kubwa kuliko zote, nyeupe pee, kwenye boksi imeandikwa 6500K sikujua hata ndo mnyama gani. Chumba kikawa kama cha upasuaji. Saa tano usiku mtoto macho makavu, ananihesabia vidole. Mama yake akaniuliza, we unamlaza mtoto au unamfanyia operesheni?

Ndo nikaanza kusoma sasa. (Ukiona mtu mzima anasoma habari za balbu usiku, mkimbie.) Kumbe hiyo K ni kelvini, rangi ya mwanga sio ukali wake: 6500 ni mweupe unaoelekea bluu kama wa mchana, 2700 ni ule wa njano njano uliotulia kama wa balbu za zamani, ukali unausoma kwenye lumeni, na wati ni umeme inaokula tu. Na ule mwanga wa kibluu unaudanganya ubongo kwamba bado mchana, homoni ya usingizi, melatonini, inagoma kutoka, na watoto unawapata zaidi kuliko sisi wakubwa. Mwekundu hafifu ndo hausumbui sana. Basi wiki nzima nikawa profesa, mtu akipita namuuliza kwako mnalalia kelvini ngapi. Huyo huyo jamaa wa video alikuja kulala kwetu, jioni ile nilimpiga lekcha ya nusu saa, ndo maana hii kitu imemnogea hivi.

Nikanunua taa ya mkanda, zile LED za kubandika, mita 5, rangi zote, na rimoti yake. Mchana nikaibandika kuzunguka juu ya ukuta, waya ukashukia nyuma ya kabati kwenye soketi, na kwa kuwa mimi ni mzazi makini nikalisukuma kabati mpaka likabana ukutani, mtoto asije akachezea plagi. Hilo kabati msilisahau.

Usiku mtoto kalala, nikanyata na kiti, nikapanda, nikabonyeza kile kidude cheupe cha kwenye waya, udogo wake kama kiberiti, rangi zikapita zikapita mpaka ikaja nyekundu fulani hafifu, imetulia kama makaa yanayoelekea kuzimika. Nikasema hapa hapa. Pembeni ya kitufe kuna kitobo kama cha sindano na kialama cha muziki. Nilikiona. Naapa nilikiona, nikajua urembo. Nikarudisha kiti sebuleni alikolala jamaa, nikaenda kulala najisifu.

Saa nane mtoto akakohoa.

Kikohozi kimoja tu, kho, chumba kizima kikapiga kijani. Akasema "Baba?" ikaja bluu. Akaangua kilio, na akipandisha sauti taa nazo zinapanda naye. Kile kitobo ni maiki jamani. Taa inafuata sauti, kukiwa kimya inafifia, na huko kufifia ndo ule utulivu nilioupigia kifua.

Nikaingia mbio. Rimoti hii hapa, naielekeza, nabonyeza, wapi. Dole gumba, vidole viwili, naibonyeza hadi kucha inauma, wapi. Nikasema "Zima!" Zambarau. "ZIMA WEWE!" Nyeupe, nyeupe ile ya radi, nikamwona mwanangu mdomo wazi hadi kimio. Plagi iko nyuma ya kabati. Nikalivuta, limejaa nguo, linakwaruza sakafu krrrr, na kila krrrr taa zinashangilia. Kiti kiko sebuleni. Basi nikaruka, nikadaka mkanda pale kwenye kona, nikavuta, ukaachia wote, mita 5 zikanishukia shingoni, begani, kifuani, gundi ikanata kwenye vinyweleo, na bado zinawaka! Sasa taa ni mimi. Nikiguna najiona kijani. Naruka nijibandue, mguu ukitua pu, kitovu kinapiga bluu.

Hapo nikagundua mtoto kanyamaza. Kakaa kitandani anapiga makofi, kila kofi na rangi yake. "Baba, tena!" Nageuka mlangoni, jamaa kasimama, simu kaishika kwa mikono miwili, kailaza, ametulia kama mpiga picha wa harusi.

Yaliyofuata ni mafupi. Akaenda akazima meni swichi, sekunde tatu, akarudi kuniuliza mbona sikuizima mwenyewe. Sijamjibu mpaka leo. Asubuhi mama mtoto akaigeuza rimoti, pale kwenye betri kuna kiplastiki kimechungulia kama ulimi, kile unachotakiwa kukichomoa kwanza ndo rimoti ifanye kazi. Akakichomoa, akaniwekea kiganjani, akaenda zake. Kifuani nina njia, imenyooka, haina hata unywele.

Sasa hivi nimemwekea kitaa kidogo cha 2700, kiko chini karibu na mlango, kinamulika sakafu basi, hakina rimoti, hakina maiki, hakina ujuaji wowote. Jana usiku nikasikia kho. Kimya. Kho kho. Nikakimbia, nikamkuta kakaa kitandani anakiangalia.

"Baba, hii mbovu."